SOMO: KUWEKA MIKONO JUU YA WAGONJWA, NA MAFUNDISHO YA KIJAPANI YANAYOITWA REIKI



Somo hili limetoka katika swali. Binti mmoja wa kusanyiko letu aliyesoma Nairobi alikuja kuwaona wazazi wake, akanikuta nyuma ya kanisa nikipanga viti. Akatoa karatasi katika mfuko wake akasema: "Baba Shemasi, kule nilikokuwa kuna watu wanaoweka mikono juu ya wagonjwa kama sisi, lakini hawataji jina la Yesu, tena wanalipisha. Wanaita Reiki. Mwenzangu wa chumba aliingia humo. Je, ni kitu kimoja na chetu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie karatasi. Tangu siku ile nimesoma, nimewauliza waliosoma kuliko mimi, na leo ninawaletea niliyopata. Mimi nilifika sekondari tu, basi mwenye kujua zaidi anisahihishe. Kabla ya kuendelea, kila mtu afungue Biblia yake nyumbani asome 2 Wafalme 5, sura yote, na Matendo ya Mitume 8:9-24, na Yakobo 5:13-16.

REIKI NI NINI

Reiki ni neno la Kijapani lenye maneno mawili ndani yake. Rei ni kitu cha kiroho, kitakatifu. Ki ni pumzi, nguvu ya uzima. Wenye mafundisho hayo wanasema ya kwamba ulimwengu wote umejaa nguvu ya uzima na mwanadamu anaishi kwayo. Ikipita vizuri mwilini, mtu ana afya; ikizibwa au ikipunguka, mtu anaugua. Yule anayetibu, wanasema, haponyi kwa nguvu zake mwenyewe. Yeye ni kama mfereji ambamo maji yanapita kwenda shambani. Nguvu inapita katika viganja vyake na kuingia kwa mgonjwa, nayo inajua yenyewe mahali pa kwenda.

Mwanzilishi ni mtu anayeitwa Mikao Usui, aliyezaliwa Japani mwaka 1865. Mwaka 1922 alipanda mlima Kurama, karibu na mji wa Kyoto, akafunga huko siku 21, na inasemwa ya kwamba hapo ndipo alipopokea uwezo wake. Mwaka ule ule akaanzisha shirika lake Tokyo. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la nchi likaangusha Tokyo na Yokohama, watu zaidi ya 100,000 wakafa kwa kuangukiwa na nyumba na kwa moto. Usui akazunguka kati ya majeruhi akiwawekea mikono, na jina lake likaenea. Sisi tuliokimbia moto wa Nyiragongo mwaka 2002, na tena 2021, picha hiyo si ngumu kuiona. Usui alikufa mwaka 1926.

Mwanafunzi wake mmoja, Chujiro Hayashi, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua kliniki Tokyo na kupanga vizuri namna ya kuweka mikono. Mwaka 1935 akaja kwake mama mmoja mjane kutoka visiwa vya Hawaii, Hawayo Takata, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Alikuwa mgonjwa. Alikaa kule miezi, akapata nafuu, akaomba afundishwe. Mwaka 1937 akarudi Hawaii. Kutoka kwa mama huyu Reiki iliingia Marekani, ikaenda Ulaya, na kutoka huko ikafika miji ya Afrika. Kabla ya kufa, Desemba 1980, alikuwa amefanya walimu 22.

Hapa kuna jambo ambalo Wakristo wanapaswa kulijua. Karatasi ya binti yule inasema Usui alikuwa mchungaji Mkristo, mkuu wa shule kubwa ya Doshisha kule Kyoto, na kwamba wanafunzi walimwuliza Yesu aliponya kwa namna gani, naye akaanza kutafuta siri hiyo. Hadithi hiyo inapendeza masikioni mwetu. Lakini waliotafuta katika madaftari ya Doshisha hawakukuta jina lake, na kaburi lake liko penye hekalu la Wabuddha mjini Tokyo. Hadithi hiyo ilienezwa na Mama Takata kwa Wamarekani, na wengi wanafikiri alitaka wasiikatae Reiki kwa sababu ya chuki ya vita vyao na Japani. Ninamwelewa mama huyo. Lakini mtu akija kwenu na kusema "hii ndiyo siri ya Yesu iliyopotea", mjue ya kwamba maneno hayo hayana msingi.

INAFANYWA NAMNA GANI, NA KWA KAZI GANI

Mgonjwa analala juu ya kitanda au meza na nguo zake zote; viatu tu vinatolewa. Anayetibu anaweka viganja polepole kichwani, machoni, shingoni, kifuani, tumboni, hata magotini, na kila mahali anakaa dakika chache. Yote inaweza kuchukua dakika 45 au hata saa moja na nusu. Wengine hawagusi kabisa, wanashika mikono juu kidogo ya mwili. Hakuna dawa, hakuna kukanda, hakuna kelele. Wagonjwa wengi wanasema wanasikia joto, wanashikwa na usingizi, wengine wanalia bila kujua sababu.

Wanaitumia kwa nini? Kwa kutuliza mtu mwenye wasiwasi, kwa kukosa usingizi, kwa maumivu, kwa uchovu wa wagonjwa wa kansa wanaopata dawa kali, kwa mtu anayengojea kupasuliwa, kwa mwenye huzuni ya kufiwa. Kuna hospitali za Marekani na Uingereza zinazoruhusu watu wa Reiki kuketi na wagonjwa, kando ya matibabu ya munganga. Walimu wenye busara kati yao wanasema wazi ya kwamba Reiki haichukui nafasi ya hospitali. Wengine wanaahidi kila kitu, hata kuponya mtu aliye mbali bila kumwona.

Usui aliwaachia wanafunzi wake pia mambo matano ya kukumbuka kila asubuhi, kwa ajili ya siku ile tu: kuacha hasira, kuacha masumbufu, kushukuru, kufanya kazi kwa bidii, na kuwa mwema kwa watu. Hayo mimi nayapokea bila shida. Kama wote waliobeba silaha katika milima yetu wangeyashika kwa siku moja tu, mashamba mengi ya Masisi yangelimwa.

Tena tusifikiri ni jambo la mbali sana. Katika nchi yetu wenyewe, hasa Kinshasa, zimeingia dini mbili za Kijapani zinazofanana na Reiki katika tendo hili. Moja ni Mahikari, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Yoshikazu Okada. Nyingine ni ya Mokichi Okada, aliyekufa mwaka 1955, na tendo lake linaitwa Johrei. (Majina yanafanana, lakini ni watu wawili.) Hao wanainua kiganja kuelekea mgonjwa na kusema mwanga unatoka. Kijana akienda kusoma au kutafuta kazi mjini, atakutana nao.

BEI YAKE

Reiki ina madaraja matatu. Katika daraja la kwanza mwalimu anamfanyia mwanafunzi tendo la siri la kumfungulia njia ya nguvu. La pili linampa alama za siri na ruhusa ya kutibu walio mbali. La tatu linamfanya kuwa mwalimu. Mama Takata aliweka bei ya daraja la mwalimu kuwa dola 10,000. Leo bei zinatofautiana sana, na wengine wanafundisha kwa bei ndogo, lakini njia ni ile ile: unalipa, unafunguliwa, unapanda.

Hapo nilikumbuka mara moja Simoni wa Samaria katika Matendo 8. Aliona mitume wakiweka mikono, akaleta feza ili apewe uwezo ule ule. Tunajua Petro alimjibu namna gani. Na katika 2 Wafalme 5, Elisha alikataa zawadi zote za Naamani, na Gehazi aliyezifuata kwa siri akarudi na ukoma.

Lakini ngoja kidogo, ndugu zangu. Kabla ya kuwacheka Wajapani, tujiangalie. Ni nani hapa hajasikia juu ya nyumba ya maombi ambapo mama mwenye mtoto mgonjwa anaambiwa alete kuku, alete mbuzi, alete dola ishirini za "kufungua"? Gehazi hakuwa Mjapani. Alikuwa mtumishi ndani ya nyumba ya nabii.

Wengine wataniuliza: je, ni pepo? Maaskofu Wakatoliki wa Marekani, mwaka 2009, waliandika ya kwamba Reiki isitumiwe katika hospitali na nyumba zao. Mimi sikimbilii neno hilo la pepo. Tarehe 6 Aprili 1921, mwaka mmoja kabla ya Usui kupanda mlima wake, Simon Kimbangu aliweka mikono juu ya mama Kiantondo kule Ngombe-Kinsuka, katika Kongo ya Chini. Wakubwa wa ukoloni wakasema ni uchawi na fujo. Wakamfunga miaka 30, akafa gerezani Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi ambao baba zetu waliitwa wachawi kwa sababu ya kuweka mikono, tupime kwanza ndipo tuseme.

KUPIMA

Mtoto mmoja alipima. Anaitwa Emily Rosa, Mmarekani, alikuwa na miaka 9. Kule kwao wauguzi wengi walikuwa wanafanya tendo linalofanana na Reiki: wanapitisha mikono juu ya mgonjwa bila kumgusa, na kusema wanasikia nguvu inayomzunguka. Emily akafikiri: kama wanaisikia kweli, wataijua bila kuona. Akatengeneza kizuizi cha kadibodi chenye matundu mawili. Mtibu anaingiza mikono miwili upande wa pili. Emily anatupa feza hewani ili kuchagua, kisha anaweka mkono wake juu ya mkono wa kuume au wa kushoto wa mtibu. Swali ni moja: mkono wangu uko wapi? Walijaribiwa watibu 21, mara 280. Walijibu vema mara 123. Mtu anayebahatisha tu angepata karibu 140. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1998 katika gazeti kubwa la waganga wa Marekani, Emily akiwa na miaka 11.

Basi ile nguvu inayotoka katika kiganja, watu wale hawakuweza kuisikia walipozuiwa kuona.

Lakini kuna kupima kwingine, na hapa ninaomba msome polepole. Mwaka 2011, kule Marekani, wauguzi walichukua wagonjwa 189 wa kansa waliokuwa wanapokea dawa kali kwa mshipa. Fungu moja walipata dawa tu kama kawaida. Fungu la pili waliwekewa mikono na mtu wa Reiki. Fungu la tatu waliwekewa mikono na mtu asiyejua Reiki hata kidogo, aliyeiga tu. Matokeo? Waliopata Reiki walisikia nafuu na utulivu kuliko wa fungu la kwanza. Na wale wa mtu wa kuiga? Vile vile! Nao walisikia nafuu.

Mimi nilifunga karatasi nikakaa kimya. Kumbe daraja la dola 10,000 halikuongeza kitu. Kilichosaidia ni mtu kuketi karibu na mgonjwa, kumwekea mkono kwa upole, bila haraka, mpaka pumzi yake itulie. Na hicho hakiuzwi. Mama zetu wanacho, bibi zetu wanacho. Mtu akiguswa na mtu anayemwamini, moyo unapunguza mbio, woga unashuka, maumivu yanavumilika. Hiyo ni kazi ya kweli ya mkono, na wagonjwa wetu wanaihitaji sana.

Ngozi ina kazi kubwa kuliko hiyo hata. Mwaka 1978 kule Bogotá, nchi ya Colombia, munganga Edgar Rey hakuwa na mashine za kutosha za kupasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Akawafunga watoto uchi kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Watoto wakaishi. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni linafundisha jambo hilo dunia nzima. Mama akijifungua mtoto mdogo sana, msimlaze mbali naye katika kitambaa baridi. Mwekeni kifuani pake, mfunikeni wote wawili, anyonyeshwe, na mfanye haraka kwenda kituo cha afya akiwa hapo hapo kifuani.

MAHALI MKONO UNAPOISHIA

Sasa ninafika mahali pagumu, na sitaficha kitu.

Mwaka 2010 tulikuwa tunakaa upande wa Nyabiondo. Mtoto wetu wa tatu, msichana, alikuwa na miaka 4. Akashikwa na homa jioni. Mama yake akasema tumpeleke kwa munganga kesho. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimewekwa shemasi mwaka ule, na nilisikia haya kwamba shemasi mpya apeleke mtoto wake hospitali kabla ya maombi. Tukaita watu wa maombi. Tukaweka mikono usiku kucha. Alfajiri joto likashuka, mtoto akaomba uji. Tuliimba mpaka majirani wakaja. Nilishuhudia mbele ya kanisa.

Siku iliyofuata joto likarudi. Tukaweka mikono tena, likashuka tena. Nikasema imani yetu inajaribiwa. Siku ya nne mtoto akakakamaa, macho yakageuka, hakutujua.

Tulimbeba katika kipoyi, watu wanane tukibadilishana, mvua inanyesha, njia ya utelezi ninayoijua jiwe kwa jiwe hata leo. Munganga alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Alimpa kwinini kwa mshipa na kumwongezea damu. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Papa, homa ilianza siku gani?" Nilipojibu, aliandika katika daftari bila kuniangalia.

Mtoto alipona. Watu wakasema maombi yameshinda, na mimi ninaamini Mungu alituhurumia. Lakini tangu siku ile hasikii. Leo ni msichana mkubwa, anajua kushona, anacheka sana. Ninapomwekea mkono na kumwombea, anatazama midomo yangu ili ajue nimefika wapi.

Baadaye munganga yule alinieleza kitu ambacho kila mtu wa maombi anapaswa kukijua. Vijidudu vya malaria vinaingia ndani ya damu, vinazaana huko, kisha vinapasua na kutoka vingi kwa pamoja. Hapo joto linapanda. Kisha linashuka lenyewe, vijidudu vikiwa vimejificha tena ndani ya damu, na baada ya muda, mara nyingi siku mbili hivi, linarudi. Basi ukiweka mkono wakati joto liko juu kabisa, mara nyingi litashuka chini ya mkono wako. Lingeshuka hata kama ungeweka jani la ndizi! Hapo ndipo mtu wa Reiki anapodanganyika bila kupenda, na hapo ndipo sisi tulipodanganyika. Si kwamba tulikuwa waongo. Tuliona kweli joto likishuka.

Leo hakuna sababu ya kungoja. Kituo cha afya kinatoboa kidole, kinafanya TDR, na katika dakika chache wanajua. Malaria ikiwa kali, kuna sindano ya artesunati. Mtoto mwenye homa apelekwe siku ile ile. Njiani muombe! Hakuna aliyewazuia kuomba mkitembea.

Nabii Isaya mwenyewe, Hezekia alipokuwa karibu kufa, alileta neno la Bwana, tena akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Luka anaitwa tabibu mpendwa, na Paulo hakumwambia aache kazi yake. Na mtu wa Mungu asimwambie mgonjwa kamwe aache vidonge vya kifua kikuu, au vya UKIMWI, au vya kifafa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikimbilia kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mzee Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Mzee hakuwa tapeli wa feza nyingi, bei yake inaonyesha. Lakini wagonjwa wengine walitolewa hospitalini wakafa katika foleni ya magari, na wengine waliacha vidonge vyao vya UKIMWI wakidhani wamepona.

NAMNA YA KUWEKA MIKONO KATIKA MAKUSANYIKO YETU

Katika jambo moja watu wa Reiki wanatushinda: wanauliza kwanza. Sisi tunashika kichwa cha mtu na kukitikisa bila ruhusa. Tukumbuke ni nani walio mbele yetu. Kuna mama na dada, hata wasichana wadogo, walioshikwa kwa nguvu na watu wenye silaha katika vijiji vyetu. Mwanamume akimkamata mama huyo mabegani kwa kelele, hata kwa jina la Bwana, mwili wake unakumbuka siku ile. Nimemwona mmoja akianguka, na watu wakasema pepo ametoka. Sidhani ilikuwa pepo. Basi tuulize kwa sauti ndogo: "Mama, nikuwekee mkono?" Akikataa, tuombe tukiwa mbali naye. Mama wamwekee mama mwenzao mikono. Mgonjwa abaki na nguo zake, mlango ubaki wazi, na mtu wa jamaa yake awepo.

Tena kuna magonjwa ambayo mkono unayapeleka. Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020 iliwapata watu 3,470 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, wakafa 2,287. Mgonjwa wa kwanza kupatikana Goma, Julai 2019, alikuwa mtumishi wa Mungu aliyetoka Butembo, ambako alikuwa ameweka mikono juu ya wagonjwa. Hakupona. Mwezi uliofuata ugonjwa ulifika hata Pinga, kwetu Walikale. Mwaka 2024 mpox nayo ikasambaa mpaka katika kambi za wakimbizi kando ya Goma, nayo inapitia kugusana ngozi. Kwa hiyo: maji na sabuni mlangoni, kabla ya mgonjwa na baada ya mgonjwa. Mtu mwenye vipele, au anayetoka damu, au anayetapika, asiguswe. Apelekwe kwa munganga. Naamani alitaka nabii aje kupunga mkono juu ya kidonda chake, akakasirika alipoambiwa aende kuoga. Elisha hata hakutoka nyumbani mwake, na mtu yule akapona.

Kwa binti aliyeniuliza, jibu langu ni hili. Mwenzako wa chumba, kama Reiki inamtuliza na kumpa usingizi, usimwite mchawi. Lakini asilipe feza ya masomo kwa ajili ya madaraja, na akisikia uvimbe mwilini au homa, aende hospitali kwanza. Wala si kitu kimoja na chetu. Wao wanasema nguvu inapita ndani yao. Sisi tunaomba kwa Mwingine, na hatuna mamlaka juu ya jibu. Lakini mkono wao na mkono wetu vinafanana katika jambo hili: havioni kilicho ndani ya damu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

Naamani alikasirika kwa sababu gani, na sisi tunakasirika wakati gani? Katika kusanyiko letu, mama mwenye mtoto mgonjwa anaambiwa neno gani la kwanza: "leta sadaka", "ngoja", au "twende"? Kituo cha afya kilicho karibu ni saa ngapi kwa miguu, na usiku nani anajua njia?

Kutokana na swali hilo la mwisho, wazee wamekubali jambo moja. Kipoyi kitakaa nyuma ya kanisa, chini ya paa, na si nyumbani kwa mtu. Yeyote anaweza kukichukua saa yoyote bila kuomba ruhusa, awe wa kanisa letu au wa kanisa lingine. Miti yake ni mizuri bado, lakini kamba mbili zimeoza na turubai limepasuka upande wa kichwa. Mwenye kamba au kipande cha turubai alete Jumapili. Tunahitaji pia majina ya vijana wanane kwa kila kijiji.